Video ya Chuma

Pale Shelui, mwenye spea haondoki akaiacha kwa fundi. Dereva akileta pini ya springi au kikombe cha beringi, utingo anatumwa kutafuta chai, na dereva mwenyewe anakaa kwenye benchi, macho kwenye mikono yangu, mpaka kazi iishe. Desturi hiyo ilitoka miaka ya uhaba, wakati spea nzuri iliyoingia gereji ilitoka ikiwa spea nyingine iliyofanana nayo kwa mbali. Miaka ile ilikuwa imekwisha. Maduka ya Singida mjini yalijaa spea za kila nchi, na mwenye gari na nguvu aliruhusiwa kununua na kuuza alichotaka. Lakini watu waliendelea kukaa. Mimi sikuchukia. Niliipanga karakana yangu kwa kuzingatia hilo: benchi refu ukutani, mashine mbele yake, na mimi nikisimama upande ili nisimzibe mtu.

Mashine ninayotaka kuieleza ilitoka kwenye karakana ya umma iliyouzwa na serikali. Ilikuwa mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ndogo kwa aina yake, yenye meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa kuzungusha magurudumu mawili ya mkono. Kila gurudumu lina pete yenye mistari na namba, ili fundi ajue meza imesogea kiasi gani. Tuliinunua kwa kiinua mgongo cha mke wangu. Yeye alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya umma kwa miaka kumi na sita, na walipopunguza wafanyakazi alikuwamo. Alirudi nyumbani na cherehani moja, vikombe sita vya zawadi, na vidole vinavyoweza kuandika ukurasa mzima bila yeye kuvitazama.

Wakati huo kulikuwa na kambi ya wajenzi wa barabara karibu na kwetu. Mpima barabara mmoja alizoea kuja kunitazama nikifanya kazi, na siku moja aliniletea kompyuta kuukuu ambayo kambi ilikuwa inataka kuitupa, pamoja na sahani moja ya kompyuta ndani ya bahasha.

"Fundi," aliniambia, "hii ni programu ya kuendesha mashine kama hii yako. Ni programu huria. Ifungue, isome ndani, ibadilishe, mgawie mwenzako. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Nilimuuliza mara mbili kama alikuwa na hakika na hilo la mwisho. Nilikuwa nimezoea vitu ambavyo ukivigusa ndani vinakufa. Alisema ana hakika. Akanisaidia kupata mota tatu za mtumba kutoka Dar es Salaam, zile ambazo hazizunguki mfululizo bali hatua kwa hatua: kompyuta ikituma pigo moja la umeme, mota inasogea hatua moja ndogo, na mapigo elfu moja ni hatua elfu moja. Mbili tulizifunga kwenye magurudumu ya meza, ya tatu kwenye kishikio cha kisu. Kisha kambi ikahama kuelekea mbele na barabara yake, nami nikabaki na kurasa zilizochapwa kwa Kiingereza, kamusi, na daftari.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kwa hiyo nilifanya kama ninavyofanya siku zote: ukurasa mmoja kwa asubuhi, kila neno nisilolijua naliandika kwenye daftari, na jambo lolote ninaloambiwa na ukurasa nalijaribu kabla ya kuliamini. Ilinichukua msimu mzima wa mvua. Mvua zilipokatika, mashine ilichora duara kwenye kipande cha ubao bila mtu kushika gurudumu. Nilizima kila kitu, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara moja, nikarudi nikaiwasha tena nione kama itarudia. Ilirudia. Sijawahi kuwa na furaha ya aina ile kabla, na nimekuwa nayo mara chache baadaye.

Sasa, programu ile ilikuwa na sura mbili. Kazi ya ndani ilikuwa ileile, lakini ulichagua mwenyewe namna ya kuongea nayo. Sura ya kwanza ilikuwa ya picha: dirisha lenye vitufe vya kubonyeza kwa kipanya, na katikati uwanja mweusi ambao mstari mwekundu ulichora njia ya kisu kadiri kinavyokwenda. Ukitaka unaikuza picha, unaizungusha, unaitazama kwa juu au kwa ubavu. Sura ya pili ilikuwa maandishi matupu. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, namba za mahali kisu kilipo, na mstari mmoja chini wa kuandikia agizo. Hakuna dirisha, hakuna kitufe, hakuna rangi.

Mimi niliipenda ya picha. Mke wangu aliipenda ya maandishi, na hakuwa mtu wa kuficha anachopenda.

"Baba watoto, unatafuta nini hapo?" aliniuliza siku moja, akiwa mlangoni na ungo wa mchele.

"Kitufe cha kuanzia."

"Unakitafuta tangu nianze kuchambua huu mchele."

"Kipanya kinaruka."

Aliweka ungo chini, akanisogeza kwa kiwiko, akabadilisha sura, akaandika maneno mawili. Mashine ikaanza. Akachukua ungo wake.

"Sura ya picha inamfanya mtu aone," nikamwambia.

"Aone nini? Chuma kile pale. Geuza shingo."

Lakini nilikuwa na benchi upande wangu. Madereva walipoona ule mstari mwekundu ukijichora kwenye skrini huku kisu kikizunguka, walichanganyikiwa kwa raha. Enzi hizo kila kituo cha barabarani kilikuwa na kibanda cha video, na wao karakana yangu wakaiita video ya chuma. Mtu aliyeleta pini moja ya springi alikaa saa mbili na wenzake wanne ambao hawakuwa na spea yoyote. Kisu kikiingia pembeni mwa picha, mmoja anasema, "Sterling kafa," kana kwamba ni shujaa wa filamu, na mwingine anamjibu, "Sterling hafi, kaa chini." Walinitaka nikuze picha, nikakuza. Walinitaka nizungushe, nikazungusha. Ninakiri kwamba nilizungusha hata walipokuwa hawajaomba.

Hali ilikuwa hivyo Jumanne moja ya msimu wa kuvuna alizeti, aliposhuka kwenye lori shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, akiwa na mfuko wa salfeti uliomwelemea begani.

Mke wangu alimwamkia shikamoo na kumpokea mfuko, na karibu umwangushe. Ndani yake mlikuwa na gia iliyovunjika na kipande cha chuma cha duara.

Shemeji alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha kule Misigiri waliokuwa na mashine ya kukamua mafuta. Walikuwa wameipata miaka miwili nyuma. Kabla ya hapo, kila mtu wa pale aliuza alizeti yake ikiwa mbegu, kwa wanunuzi waliokuja na malori siku ya mnada na kutaja bei wao wenyewe. Mashine ya kukamua iliwafanya wauze mafuta, na mashudu yakabaki kwa ng'ombe wao. Sasa gia yake kubwa ilikuwa imeng'oka meno sita. Magunia ya wanachama yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye paa.

"Hiyo gia haipo dukani," alisema. "Nimeuliza Singida, nimeuliza Nzega. Wanasema ninunue sanduku zima la gia, na sanduku lenyewe liagizwe. Wanachama wamekaa jana. Wamesema mpaka Jumamosi. Jumamosi ni mnada, malori yanakuja. Kama mashine haizunguki, kila mtu anachukua gunia lake."

"Na wakishachukua?" nikamuuliza.

"Mwaka huu hawarudishi. Na mwaka kesho wataniuliza kikundi ni cha nini."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akakaa kwenye benchi. Kikundi kile alikuwa amekijenga kwa kwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu. Tulikijua sisi wote wawili, mimi na mke wangu. Tulikuwa tumelishwa hadithi zake kila Krismasi.

Nikakitazama kipande cha chuma. Kilikatwa kutoka kwenye ekseli ya lori, kikakerezwa vizuri na fundi wa kwao mpaka kipimo sahihi, na tundu la katikati limeshatobolewa. Kilikuwa kimoja. Gia ilitaka meno thelathini na moja.

Jioni ile na asubuhi yake nilifanya hesabu. Nilichagua pengo lililokuwa zima kati ya meno mawili ya gia ya zamani, nikalichora kwenye karatasi ya manila mara kumi ya ukubwa wake, nikapima alama kwenye mchoro, moja baada ya nyingine. Kisha nikaiachia kompyuta kazi ya kuzungusha alama hizo mara thelathini na moja kulizunguka duara. Mke wangu aliandika. Mimi nilisoma namba kwenye daftari na yeye aliziweka, na kila nilipokosea kusoma alisimama akanitazama kabla sijajua kwamba nimekosea.

Sikugusa chuma. Kwanza nilikata gia ya ubao, kwa programu ileile, kasi ileile, sura ya picha. Shemeji alikaa mbele kabisa. Kando yake alikaa dereva mmoja wa semi aliyekuwa anangoja ufito wa springi, kijana wa Tanga mwenye maneno mengi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hii ndiyo gia yako? Mbona bado haina meno hata moja, mama? Umeileta changa."

"Itaota," shemeji akasema. "Wewe nyamaza, unaiogopesha."

Mstari mwekundu ulichora pengo la kwanza, la pili, la tatu. Ilipofika karibu katikati, dereva akasimama. "Fundi, sogeza karibu tuone hilo jino. Kuza! Kuza kabisa!" Nikashika kipanya, nikakuza. Jino likajaa skrini nzima. Benchi likapiga makofi. Nikalizungusha kidogo, wakalitazama kwa ubavu, wakapiga makofi tena. Mwishowe picha ilikuwa na meno thelathini na moja yaliyolingana kama yamepigwa chapa.

Shemeji hakutazama skrini. Aliomba apewe ubao. Akaupitisha kwenye kidole gumba, jino kwa jino, polepole, kama mtu anayechambua mbegu ya kupanda. Akasimama.

"Shemeji, hili limekonda."

Nilichukua venia, kile kipimo cha unene, nikapima. Lilikuwa limekonda kweli, kwa karibu milimita nzima. Kwenye picha lilikuwa nene kama wenzake. Nikapima yote. Nilikuta jingine moja lililokonda, na hilo lilikuwa upande wa pili kabisa wa duara, likitazamana na la kwanza. Mengine yote yalikuwa sawa.

Nilikaa nikauweka ubao ule mapajani. Meno mawili yaliyokonda, yanayotazamana. Maana yake nusu ya gia ilikatwa mahali pake, na nusu ya pili ilikatwa ikiwa imehama yote kwa pamoja, ikiisogelea ile ya kwanza. Kwa hiyo meza ilipoteza hatua mara moja tu, katikati ya kazi, na tangu hapo kila kitu kilifuata kikiwa kimehama. Na katikati ya kazi palikuwa na nini?

"Simama kama ulivyosimama," nikamwambia dereva.

"Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya. Niambie nikuze."

"Kuza," akasema, kwa sauti ya mtu anayehojiwa polisi.

Niliiendesha meza bure, bila kisu kugusa kitu, nikakuza picha. Mota ilikoroma. Ni mlio mfupi, wa kama nusu sekunde, ambao kwenye makofi ya benchi usingesikika. Nikazungusha picha, ikakoroma tena. Nikaacha picha itulie, haikukoroma. Nilirudia mara kumi na kuandika matokeo kwenye daftari. Kompyuta ile ilikuwa ndogo, na kifaa chake cha kuchorea picha kilikuwa kinaishikilia kila kinapochora upya. Mapigo ya mota yalichelewa, na pigo lililochelewa ni hatua iliyopotea. Picha yenyewe haikujua. Ilichora njia ambayo kisu kiliagizwa kupita. Kwamba chuma kimekwenda kwingine, hilo halikuwa kwenye picha.

Niliwaeleza wote hivyo. Dereva akashika kichwa. "Kumbe ni sisi tumemuua sterling."

"Ni mimi," nikasema. "Ninyi mliomba tu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimngoja aseme alilokuwa na haki ya kusema. Hakulisema. Alisema, "Kesho tunaandika," akaenda kuchemsha maji ya dada yake ya kuoga.

Ila palikuwa na tatizo ambalo wapenda maandishi hawalifikirii. Shemeji alikuwa ametumwa. Wanachama walimtuma akae na chuma chao mpaka mwisho, aone kwa macho, arudi aseme alichoona. Akikaa mbele ya skrini ya maandishi ataona namba zinazokimbia. Na kisu chenyewe kikiwa ndani ya mafuta na vipande vya chuma huoni kitu.

"Sasa tutaangalia nini?" dereva alilalamika asubuhi yake. Springi yake ilikuwa imekwisha jana, lakini alikuwa hajaondoka. "Hiyo ni taarifa ya habari bila mtangazaji."

"Na mimi nitawaambia nini kule?" shemeji akasema. "Kwamba nilikaa siku nzima natazama namba za shemeji? Wataniambia namba za shemeji ni za shemeji."

Hapo ndugu hao wawili wakaingia kwenye Kinyiramba. Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi, na Kinyiramba changu kinatosha kusalimia na kula. Nilisikia neno mizani likirudiwa, kisha vicheko, kisha mke wangu akanigeukia.

"Dada anasoma mizani ya kikundi. Namba anazisoma kuliko wewe. Yale magurudumu ya mkono yana namba, si yana?"

"Yana."

"Na mota zikizungusha meza, magurudumu yanazunguka nayo?"

"Yanazunguka."

"Basi kisu kikimaliza kila pengo, kirudi mahali kilipoanzia, kisimame. Skrini itasema sifuri. Dada atatazama gurudumu. Likisema sifuri, twende. Lisiposema sifuri, tusiende."

Nilipokuwa nasoma kurasa zile msimu mzima wa mvua nilikuwa nimejifunza maagizo mia moja na zaidi, na hilo halikuwa limenijia. Namba za skrini nazo zilikuwa namba za agizo tu. Zenyewe zingeweza kudanganya sawasawa na picha. Lakini namba unaweza kuilinganisha na namba nyingine iliyo kwenye chuma. Picha huwezi kuilinganisha na gurudumu. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mnyaturu ameamka," na shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

Aliandika agizo la kurudi na agizo la kusimama mara thelathini na moja, baada ya kila pengo. Nilimsomea namba za pengo. Alikuwa amemaliza kabla chai haijapoa.

Tulianza saa tatu asubuhi. Nilifunga chuma kwenye meza, nikapima mara tatu kama kiko katikati, nikaweka kisu kipya cha milimita tano. Jenereta lilikuwa nje, nyuma ya ukuta. Mke wangu alikaa kwenye kibodi, mgongo wima, kama siku ya kupiga barua ya mkuu. Shemeji alikaa kwenye kigoda mbele ya magurudumu, miwani puani. Mimi nilishika kopo la mafuta na brashi.

Pengo la kwanza lilichukua dakika kumi na mbili. Kisu kilipanda, meza ikarudi, ikasimama.

"La kwanza," mke wangu akasoma. "Sifuri na sifuri."

Shemeji akainama kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Hakuharakisha. "Sifuri. Na huku sifuri."

Mke wangu akabonyeza, kisu kikashuka.

Kufikia la tano, dereva alikuwa ameshalijua. Shemeji akisema "sifuri", anaitikia "Sifuri!" Kufikia la tisa, benchi zima lilikuwa linaitikia, na watu waliokuwa wanakunywa chai ng'ambo ya barabara walikuja kuona ni kanisa gani. Hakuna aliyekuwa na picha ya kutazama na hakuna aliyeondoka. Walibishana kati yao kama lijalo litakuwa sifuri. Shemeji aliwanyamazisha kwa kiganja kila alipokuwa anasoma, na walinyamaza. Pengo la kumi na nne alihesabu kwa Kinyiramba bila kujijua, na mke wangu akamjibu kwa Kinyiramba, na dereva wa Tanga akaitikia kwa Kinyiramba kibovu kiasi kwamba ilibidi tusimamishe kazi kwanza.

Tulikula ugali kwa zamu. Saa nane mchana tulikuwa kwenye pengo la ishirini na mbili.

"La ishirini na mbili. Sifuri na sifuri."

"Sifuri," shemeji akasema. "Na huku..."

Akalisogelea gurudumu zaidi.

"Huku siyo sifuri."

Benchi lote lilisimama. Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa. "Siyo. Imepita mistari minne."

Nilizima umeme wa mota kabla sijafikiri kitu kingine. Kisha nilifikiri. Chuma kilikuwa kimoja. Niliinama nikapima pengo la ishirini na mbili kwa venia, juu, katikati, na chini. Nikapima la ishirini na moja. Yalilingana.

"Pengo ni zima," nikasema. "Imehama wakati wa kurudi, siyo wakati wa kukata."

"Una hakika?" shemeji akauliza.

"Pima mwenyewe."

Akapima. Nilimwonyesha pa kusoma kwenye venia, na aliisoma mara moja, kama mizani. Kisha nikafungua kifuniko cha chini ya meza. Kipande cha chuma chembamba, kirefu kama kucha, kilikuwa kimejikunja ndani ya skrubu inayosukuma meza. Nilikitoa kwa koleo, nikapiga brashi, nikatia mafuta. Kwa kuwa mota zilikuwa zimezimwa, gurudumu lilizunguka kwa mkono. Nilitaka kulirudisha mwenyewe. Shemeji akaupiga mkono wangu.

"Niachie. Mimi ndiye niliyetumwa."

Alilirudisha kidogo kidogo, akapita, akarudi nyuma zaidi, akaja tena kutoka upande uleule kama nilivyomwelekeza ili ule ulegevu wa skrubu usimdanganye. Akasimama.

"Sifuri," akasema.

Sijui waliokuwa kwenye benchi walipiga kelele kiasi gani. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara alisema alidhani kuna lori limeangukia duka.

Tulimaliza saa kumi na robo. Nilifungua gia, nikaifuta, nikampa. Aliipitisha kwenye kidole gumba, jino kwa jino, thelathini na moja, akarudia tena kutoka mwanzo. Aliifunga kwenye khanga yake nyingine, na hakuiweka chini mpaka asubuhi.

Ijumaa mimi na mke wangu tulipanda na shemeji lori la dereva yuleyule, ambaye sasa alidai gia ni ya ukoo wao. Kule Misigiri akina mama walikuwa wamekaa nje ya banda la mashine, juu ya mawe na juu ya magunia. Wengine walikuwa wameshaandika majina yao kwenye magunia kwa mkaa, tayari kwa kesho. Shemeji hakuhutubia. Aliifungua khanga, akawapa gia, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akiipapasa. Mimi na fundi wao tuliifunga. Nilizungusha kwanza kwa mkono, mzunguko mzima, nikisikiliza. Meno yalipokeana bila kugonga. Nikampa fundi ishara, akawasha injini.

Mashudu yalianza kutoka kwanza, makavu, yakikatika vipande. Kisha mafuta yakatokea kwenye bomba, meusi kwa takataka za siku zile za kukaa, kisha ya kahawia, kisha ya rangi ya asali. Mama mmoja mzee aliweka kidole chini ya bomba, akalamba, akampa na jirani yake. Shemeji alikuwa amesimama kwenye mizani, miwani puani, akiita jina la kwanza.

Walikamua Ijumaa mpaka usiku na Jumamosi tangu alfajiri. Malori ya wanunuzi yalikuja mnadani kama kawaida. Kutoka banda letu tuliyaona yamesimama, milango ya nyuma wazi, na makuli wamekaa kivulini. Karibu saa sita mmoja wa wanunuzi alikuja kwa miguu, akawaamkia akina mama, akatazama magunia yaliyoandikwa kwa mkaa na foleni ya madumu. Akauliza kama mafuta yanauzwa.

"Yanauzwa," shemeji akasema. "Panga foleni."

Mke wangu na akina mama wengine walikuwa wameshainjika karai nyuma ya banda, na viazi vitamu vilikuwa vinaelea kwenye mafuta ya asubuhi ile. Yule mnunuzi alipanga foleni, akiwa ameshika kiazi cha moto, akikihamisha toka kiganja hiki kwenda kile.